Maji Yana Kwao

Jumamosi, 14 Machi

Daftari hili si langu, ni la safari. Makhanu alilinunua kwa jina la kikundi, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya watu, kana kwamba anakabidhi ng'ombe wa mahari. Nimeamua kurasa za mbele ziwe za kikundi na za nyuma ziwe zangu. Nikifa, naomba zisomwe za mbele tu.

Habari yenyewe ni hii. Kikundi cha wanandoa wa kanisa letu hapa Section 58, Nakuru, kinaenda baharini. Nyumba sita, watu kumi na wawili, na wengi wetu bahari tumeiona kwenye kalenda tu. Tunaondoka Ijumaa tarehe 29 Mei ili wikendi ndefu ya sikukuu ya Madaraka itukute Tiwi, kule Pwani. Mimi ndiye mwandalizi. Makhanu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu na mwalimu wa kwaya, alisema kwamba tangu nianze kushona sare za kwaya sijachelewesha hata moja, na mtu asiyechelewesha sare hawezi kuchelewesha watu.

Sharti ni moja. Ni safari ya wanandoa, wawili wawili, hakuna kwenda nusu. Makhanu alilitamka kwa sauti ile ya kufundishia besi, watu wakaitikia amina. Nami niliitikia amina, tena ya nguvu, ilhali Wamalwa wangu nilikuwa sijamwambia lolote.

Jumapili, 15 Machi

Nimemwambia wakati wa chakula cha mchana, baada ya kumpakulia paja la kuku kwanza, maana mimi si mjinga.

"Bahari," alisema.

"Siku tatu. Kuna nyumba za kupanga ziko karibu na maji. Ni ya wanandoa, Baba Sitati. Mtu hawezi enda peke yake."

"Na mahindi itabaki na nani?"

"Mahindi haijapandwa hata."

"Ndiyo hiyo. Wakati huo itakuwa imepandwa." Akamaliza kuku, akanawa mikono polepole. "Mama Sitati, mimi na maji tushaonana. Wewe enda tu na wenzako."

Enda na wenzako! Sharti nimelieleza sasa hivi na mdomo huu huu.

Jumatano, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Vitambaa vyote dukani vimenuka udongo, na sijakasirika.

Jumapili, 22 Machi

Mkutano wa kamati. Sydney, kijana wetu wa kupiga picha za harusi, ambaye mwenyewe alimwoa Natalie Desemba iliyopita, alileta orodha ya sehemu sita za kupigia picha huko Tiwi. Amezisaka mtandaoni wiki nzima. Kuna mnazi ulioinama hadi mtu anaweza kuukalia. Kuna mlango wa zamani uliopakwa rangi ya samawati. Kuna mawe yenye vidimbwi. Lakini ile iliyotunyamazisha ilikuwa namba nne: wanandoa wote sita ndani ya maji hadi magotini, wameshikana mikono, saa nne asubuhi kamili.

"Saa nne ndio light iko poa, mathe," aliniambia. "Jua inatoka kwa bahari inawachapa kwa uso. Hiyo picha itakuwa noma."

Nikaandika kwenye kurasa za mbele: namba nne, saa nne. Hata kukumbuka ni rahisi.

Wangare, mkewe mzee Gathogo wa kule Bahati, akaniuliza mbele ya wote, "Na mzee wako ako wapi leo?" Huyu mama ana miaka sabini na masikio ya paka. Nikasema kuna bomba limepasuka Lanet. Wamalwa ni fundi wa mabomba, kwa hiyo uongo ule ulikuwa na miguu ya kusimamia.

Jumanne, 24 Machi

Nimempigia simu mwenye nyumba za Tiwi, Bi Saumu. Sauti yake inateleza kama siagi. Mimi nikijaribu Kiswahili changu cha kwetu Kimilili, yeye ananijibu kwa kile cha kuimbia taarabu.

"Mwaja wangapi, mwanangu?"

"Kumi na wawili, mama. Vyumba sita."

"Wote maharusi?"

"Maharusi wa zamani kidogo."

Alicheka. Kisha akaniuliza, "Na mwapenda bahari ya saa ngapi?"

Nilidhani ni adabu za Pwani, jinsi mtu anavyoulizwa chai anaipenda na maziwa au bila. Nikamjibu kwa adabu vilevile kwamba saa yoyote itatufaa.

"Haya basi," alisema. "Bahari ipo."

Jumamosi, 28 Machi

Wamalwa amepanda mahindi Kiamunyi, kwenye kipande tunachokodi nyuma ya nyumba ya Makhanu. Amerudi na matope hadi kwenye nyusi, anaimba. Nikaona leo ndiyo siku, nikagusia tena bahari. Wimbo ukaishia hapo hapo.

Acha niandike sababu, kwa kuwa hakuna mtu wa kumwambia.

Kabla ya Nakuru tuliishi Kamere miaka kumi na mmoja, kando ya Ziwa Naivasha. Mimi nilikuwa kwenye shamba la maua, napanga waridi kwa urefu wa vijiti. Wamalwa alikuwa mtu wa pampu. Yeye ndiye aliyeyavuta maji kutoka ziwani hadi kwenye maua, na pale plotini tulipopanga hakuna aliyezungumzia maji mbele yake. Mvua ikichelewa walimuuliza yeye. Kisima kikinuka walimuuliza yeye. Alikuwa na msemo wake, akiutoa kidole kikiwa juu: "Maji ina kwao. Hata ikitembea, itarudi kwao."

Mwaka wa 2020 ziwa lilianza kutembea. Kwanza lilifika kwenye miti ya migunga, halafu kwenye choo, halafu kwenye uwanja wa watoto. Wamalwa akawa anasema maji yana kwao. Asubuhi moja ya Jumapili tulirudi kutoka kanisani, tukakuta viatu vya mwanetu Sitati vinaelea mlangoni. Tuliokoa godoro, cherehani na jiko. Kabati lilikuwa limeangukia mlango wake, na ndani ya kabati mlikuwa na albamu ya harusi yetu. Picha ishirini na mbili. Aliyezipiga alishakufa, na studio yake siku hizi ni kinyozi.

Ziwa lile halijarudi mpaka leo. Pale tulipolala, sasa viboko ndio wanalala.

Tangu siku hiyo hakuna picha yetu wawili. Mtu akiinua simu tu, Wamalwa anakumbuka bomba fulani mahali fulani. Tulipohamia hapa nilipigilia msumari sebuleni, juu ya kiti chake, wa kutundika picha yetu ya kwanza mpya. Msumari una miaka mitano. Wageni hutundika kofia.

Kwa hiyo mimi siendi baharini kuogelea. Naenda kutafuta kitu cha kuweka kwenye ule msumari. Na bila yeye, picha ni ya nini?

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua. Pasaka tumekula ndani. Wamalwa ametengeneza mfereji wa jirani bila malipo, na sima ameisonga yeye. Mtu mzuri hivi halafu mgumu hivi.

Jumamosi, 11 Aprili

Mazoezi ya kwanza ya picha, Kiamunyi, uani kwa Makhanu. Ndiyo, mazoezi. Watu wa kwaya hata kupiga chafya wanafanya mazoezi. Makhanu alisema hawezi kusafiri mwisho wa nchi halafu watu wasimame kama wanangoja dawa kliniki.

Alilaza kamba ya kuanikia nguo kwenye nyasi. "Hii ndiyo bahari," akatangaza. "Huku ni mchanga, huku ni maji. Mkivuka kamba, nyanyueni nguo."

Nasi tukanyanyua. Mzee Gathogo alinyanyua suruali yake, akakanyaga ng'ambo ya kamba kwa uangalifu mkubwa, akatetemeka. "Maji ni baridi," alisema. Anyango, mkewe Makhanu, alicheka mpaka akakaa chini, na mumewe akamwambia hapo amekalia maji, kalamba chumvi yote.

Kila mtu alikuwa na wake isipokuwa mimi. Leo bomba lilikuwa limepasuka Njoro. Wangare alinitazama, akatikisa kichwa. Kwa nini huyu mama hawezi kutazama kwingine?

Jumamosi, 18 Aprili

Mazoezi ya pili. Bomba, Molo.

Jumamosi, 25 Aprili

Mazoezi yameahirishwa kwa mvua, na nimeshukuru. Nimeshapasua mabomba ya kaunti nzima kwa mdomo wangu. Mzee Gathogo ameanza kusema kwamba Wamalwa lazima awe fundi tajiri kuliko wote Nakuru.

Nimekata vitenge vya sare. Kijani na njano, mke gauni, mume shati. Nimeanza na shati la Wamalwa. Sikumpima, naujua mgongo wake kuliko njia ya kwenda kwetu. Nimelikunja, nimeliweka chini ya mengine yote.

Majina ya tikiti za treni yanatakiwa Jumatatu tarehe 4 Mei. Sharti ni lile lile.

Jumamosi, 2 Mei

Leo nimecheka na kulia siku moja, na sijui kipi nikiandike kwanza.

Mazoezi ya tatu. Tulikuwa kwenye namba nne, safu ya majini. Makhanu hapendi pengo kwenye safu, iwe ya sauti au ya watu. Akavua koti lake, akalitundika kwenye jembe lililokuwa limesimama uani, akalichomeka ardhini kando yangu. "Huyu ni Wamalwa kwa leo," alisema. "Mshike bega."

Ningefanya nini? Nikalishika jembe bega. Natalie akalivalisha kofia. Tukavuka kamba sote, mimi na jembe langu tukiwa katikati, Sydney akapiga picha. Kila mtu alicheka isipokuwa Wangare.

Tulipomaliza alinivuta hadi kwenye ghala la mahindi. Nilijua sasa nasutwa. Akanishika mkono.

"Nerima, hakuna bomba, sindio?"

Nikakubali kwamba hakuna.

"Nilijua tangu Lanet. Sikukuwa nakuchokora, nilikuwa nangoja uniambie. Gathogo pia alikataa kupanda ndege kwenda kwa harusi ya kijana wetu. Nilidanganya watu miezi mitatu ati ako na presha. Uongo inachosha, mama. Ambia Makhanu ukweli na umwachie daftari."

Na mimi nilikuwa nimemfanya askari! Nilimkumbatia pale pale kwenye magunia. Kisha nikaenda kwa Makhanu, nikamwambia Wamalwa haji, mimi pia siji, na Jumatatu nitamkabidhi Anyango daftari na sare zikiwa zimekamilika zote.

Makhanu hakufoka. Alichezea kamba ile ya kuanikia nguo kwa muda. "Sharti ni mimi niliweka," alisema mwishowe. "Nikilivunja kwako, nitalivunja kwa kila mtu. Lakini, Nerima, leo ni Jumamosi. Jumatatu bado."

Jumapili, 3 Mei

Naandika baada ya ibada, chai imepoa, mvua inanyesha, Wamalwa yuko nje anachimba mtaro usio na haja yoyote.

Asubuhi Sydney alituma picha za mazoezi kwenye kundi la WhatsApp. Wamalwa yumo kwenye kundi, tangu zamani, ila hajawahi kuandika neno. Nilikuwa nafunga kilemba nikamsikia ananiita sebuleni.

"Huyu ni nani umeshika bega?"

Nikaenda nikaangalia. "Ni jembe."

"Jembe."

"Na koti ya Makhanu."

Aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Akaangalia kofia. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, nikadhani ni kicheko, na kweli kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, mimi nikacheka naye, kisha nikagundua mwenzangu ameshapita kwenye kicheko yuko kwingine. Alikaa kwenye kiti chake, chini ya ule msumari, akaweka simu kifudifudi juu ya goti.

"Ile albamu," alisema, "si maji ilichukua. Ni mimi."

"Baba Sitati, wacha."

"Ulikuwa umeitoa kwa kabati. Ijumaa. Ulikuwa umeifunga na leso ile ya bluu, umeweka kwa mlango, unataka tupeleke kwa dada yako. Mimi ndiye nilisema rudisha, maji itarudi kwao. Na si wewe tu. Ploti mzima, nyumba saba, walibaki juu ya mimi nilisema. Mtu wa pampu amesema." Akaishika ile simu. "Kila nikiona kamera naona hiyo kabati. Sasa unataka nisimame mbele ya maji kubwa kushinda hiyo, nitabasamu."

Miaka mitano nimeamini kwamba sikuwahi kumlaumu. Sikutamka neno, hilo ni kweli. Lakini nilipigilia msumari juu ya kichwa chake na kuuacha mtupu, naye amekaa chini yake kila siku akinywa chai. Kama huko si kulaumu, basi sijui kulaumu ni kupi. Niliona haya.

Nilikaa kwenye mkono wa kiti. Nikamuuliza, nani aliyeirudisha albamu kabatini? Ni mikono hii. Na kwa nini niliirudisha? Kwa sababu hata mimi niliamini maji yatarudi. Nilimwamini mume wangu, na ningemwamini tena. Nikamwambia pia kwamba jembe lina bega baya sana, linachoma.

Tulichelewa ibada. Tuliingia wakati wa sadaka, tumeshikana mkono, na Wangare akatusogezea nafasi bila kugeuza kichwa.

Jumatatu, 4 Mei

Saa mbili asubuhi, Wamalwa kafika dukani kwangu na sanduku lake la spana.

"Andika jina langu. Lakini mimi maji sitaingia. Nitasimama kwa mchanga."

Nimeliandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa, kwenye kurasa za mbele.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua na jua pamoja. Shati limemkaa sawasawa. Nilijua.

Jumamosi, 16 Mei

Wamalwa amekuja mazoezini kwa mara ya kwanza, akapokewa kwa makofi. Mzee Gathogo alimuuliza bomba la Molo linaendeleaje. Ilibidi nieleze. Sitaandika walivyonicheka.

Namba nne ilipofika, sote tukavuka kamba, yeye akabaki upande wake. Makhanu akamwambia avuke.

"Mimi niko nchi kavu," alisema Wamalwa.

"Ni kamba tu, ndugu."

"Najua ni kamba."

Hatua moja ya nyasi, na hakuvuka. Nilinyoosha mkono kutoka majini, akaushika akiwa mchangani, Sydney akasema hiyo nayo ni sawa.

Jumamosi, 23 Mei

Palizi imekwisha Kiamunyi. Kimutai wa shamba jirani ataangalia mahindi. Maswali ya leo kutoka kwa wasafiri: Je, treni ina choo? Je, ugali upo Pwani? Je, mamba?

Alhamisi, 28 Mei

Sare zote kumi na mbili zimepigwa pasi. Nimezihesabu mara tatu.

Jumamosi, 30 Mei. Tiwi

Nimekaa barazani kwa Bi Saumu, ni saa saba mchana, miguu yangu ina mchanga hadi kwenye ndimi za viatu. Lazima niandike kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Jana tulifika giza likiwa limeingia. Bahari tuliisikia nyuma ya minazi, hatukuiona. Makhanu akatoa amri: hakuna mtu kwenda kuchungulia. Tutaiona sote kwa pamoja kesho saa nne, tukiwa na sare, ili sura zetu kwenye namba nne ziwe sura za mtu anayeiona bahari mara ya kwanza. Tulitii, kama kwaya. Leo asubuhi tulikunywa chai tumeipa bahari mgongo.

Saa nne kasoro dakika tano tulipangwa wawili wawili, tukashuka njia ya minazini. Mbele Makhanu na Anyango, nyuma yao wengine, mwisho mimi na Wamalwa. Tulikuwa tumeshikana mkono. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti ya chini. Sydney alikuwa ametangulia na kamera, na sura yake nilipoiona, nilijua kuna jambo.

Minazi ikaisha, tukasimama.

Palikuwa na mchanga. Baada ya mchanga, mawe meusi. Baada ya mawe, majani ya kijani yaliyolala chini, na vidimbwi, na kaa wadogo wakikimbizana. Na mbali kabisa, mbali kama kutoka Section 58 hadi stendi, mstari mweupe.

Makhanu alijikinga jua kwa mkono, akatazama kulia na kushoto.

"Bahari iko wapi?" aliuliza Makhanu.

"Wamenyakua," alisema mzee Gathogo.

Anyango alianza kulia, sare yake ya kijani na njano ikiwa imenyanyuliwa tayari hadi magotini. Natalie alikuwa ananiangalia. Wote walikuwa wananiangalia. Mimi ndiye mwenye daftari. Namba nne, saa nne, nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu na kuipigia mstari.

Ndipo Bi Saumu akashuka na sinia ya madafu. Alituangalia, watu kumi na wawili tumepangwa safu mbele ya mawe.

"Mwangoja nini?"

"Bahari, mama," nikasema.

"Si imekupwa? Saa kumi jioni itakuwa hapa, chini ya mnazi huu." Akageuka kwangu. "Mwanangu, si nilikuuliza mwapenda bahari ya saa ngapi?"

Ndugu zangu, sisi ni watu wa maziwa. Ziwa ukiliacha jioni unalikuta asubuhi pale pale, au likiwa limesogea kukufuata. Nani angetuambia kwamba kuna maji yanaondoka na kurudi kwa saa, kama mfanyakazi? Hata Sydney na mtandao wake hakujua. Nilitaka mchanga ufunguke.

Lakini Wamalwa alikuwa ameuachilia mkono wangu. Alikwenda hadi kwa Bi Saumu.

"Mama, unasema hii maji inakuja hadi hapa?"

"Hadi hapa, baba."

"Halafu inarudi kule?"

"Kila siku mara mbili. Na leo bamvua, ikija inakuja sana, ikienda inakwenda sana."

"Hata ikiwa imeingia sana. Inarudi."

"Tangu dunia kuumbwa haijawahi kukosa."

Wamalwa alivua viatu. Akavipanga kando ya mnazi, soksi ndani, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akakunja suruali. Kisha mume wangu, ambaye hakuweza kuvuka kamba ya kuanikia nguo, akaanza kutembea kwenye mawe kuelekea ule mstari mweupe.

Nilimfuata. Nilimwita mara mbili, hakusikia. Tulipita vidimbwi, tukapita kaa, tukapita samaki mdogo mwenye mistari aliyesahauliwa kwenye jiwe. Tulitembea mpaka watu wetu wakawa vitone vya njano nyuma. Na pale maji yalipokuwa, akasimama, akayaacha yamguse vidole, halafu visigino. Hayakuwa baridi hata kidogo.

"Nerima," alisema. Jina langu. Tangu Sitati azaliwe mimi ni Mama Sitati.

"Niko hapa."

"Sikukuwa mjinga."

"Hujawahi kuwa mjinga."

"Si unaona? Kuna maji yenye inajua kwao. Nilikuwa nasema ukweli. Tu nilikuwa nasemea ziwa yenye haisikii." Akaanza kucheka, machozi yakimshuka hadi kwenye kola niliyoishona. "Hii ndiyo nilikuwa naambia watu wa ploti."

Nikamshika bega. Ni bega zuri sana, halichomi. Tukasimama tu, tukiyaangalia maji yakizidi kwenda, na nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, maana siku ya harusi viatu vilikuwa vinanibana.

Tuliporudi, hakuna aliyekuwa analia tena. Anyango alikuwa anafukuza kaa. Wangare na mzee wake walikuwa wamekaa kwenye mnazi ulioinama wakila dafu moja, na Makhanu alikuwa anapanga upya ratiba yote kwa saa za Bi Saumu.

Jumapili, 31 Mei

Jana saa kumi na nusu bahari ilirudi, ikalamba mguu wa mnazi kama tulivyoahidiwa. Tulipiga namba nne, kamera ikijipiga yenyewe juu ya miguu yake mitatu, Sydney akikimbilia kando ya Natalie. Nyumba sita, maji hadi magotini, jua likiwa mgongoni badala ya usoni, na Sydney akasema light si mbaya, ni ya aina nyingine. Wamalwa alikuwa katikati ya safu. Ndiye aliyekuwa anawaelekeza wengine kwamba wasiogope, itatoka.

Jumamosi, 6 Juni. Nakuru

Mahindi yamefika kiunoni. Mvua imepungua.

Sydney ameleta picha zetu. Namba nne ni nzuri, kila mtu anang'aa. Lakini chini yake alikuwa ameweka nyingine, ambayo hatukujua ameipiga. Inaonyesha watu wawili wadogo kwa mbali, migongo tu, shati na gauni la kitenge kimoja, suruali imekunjwa, mkono mmoja begani, na mbele yao uwanja wote ule na maji yanaondoka.

Wamalwa hakuuliza. Aliitia kwenye fremu, akapanda kwenye kiti chake, akaitundika kwenye ule msumari kwa mkono wake. Tukasogea hadi mlangoni tuione vizuri.

Mchana Wangare amepita kutusalimia. Aliiangalia kwa muda, kichwa upande.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini mbona mmegeuka? Hata sura hazionekani."

Mume wangu alikuwa anammiminia chai. Hakuinua macho.

"Tulikuwa tunasindikiza maji, mama. Ilikuwa inaenda kwao."